Usiondoke Getini Bila Risiti: Kijitabu kwa Wakulima, Wanunuzi wa Mazao na Madereva wa Dodoma na Singida

Kila mwaka mavuno yanapoanza kutoka mashambani kwenda sokoni, ofisi yetu hupokea malalamiko yanayofanana. Mtu amenunua mahindi, amelipa ushuru alikonunulia, amefika wilaya ya pili akasimamishwa na kutakiwa alipe tena. Mwingine ana magunia sita ya mtama aliolima mwenyewe, anampelekea mwanawe mjini, naye katozwa. Mwingine amelipa fedha taslimu usiku, akapewa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu, na geti lililofuata wakakikataa. Wote wanauliza jambo moja: sheria inasemaje?

Sheria iko wazi, na imekuwa wazi tangu mwaka 2017. Lakini tukimwomba mlalamikaji alete risiti ili tumfuatilie aliyemtoza, wengi hawana. Ameitupa, imelowa, imefutika, au hakupewa na wala hakuidai. Hapo mikono yetu inakuwa imefungwa. Hatuwezi kumwajibisha mtu kwa fedha ambazo hazikuandikwa popote.

Kwa hiyo lishike hili kabla ya kufungua ukurasa mwingine: usitoe hata shilingi moja ya ushuru wa mazao bila kupewa risiti ya mashine, na usiitupe risiti hiyo mpaka mzigo umeshushwa na umeuzwa. Tutalirudia mara nyingi, kwa sababu ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

Tunajua wako watakaokipokea kijitabu hiki kwa mashaka. Wameshaambiwa mengi na ofisi nyingi. Hatuwaombi mtuamini kwa maneno. Someni sheria yenyewe kama tunavyoieleza hapa, kisha ipimeni na yanayotendeka getini. Mkikuta haviendani, tuambieni.

Ni nini kilibadilika

Ushuru wa mazao unatozwa na halmashauri kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, iliyotungwa mwaka 1982. Kwa miaka mingi kiwango chake kilifika asilimia 5 ya bei ya shambani. Mwaka 2017 Bunge, likiwa hapa hapa Dodoma, lilipitisha Sheria ya Fedha iliyopunguza kiwango hicho: mazao ya biashara asilimia 3, mazao ya chakula asilimia 2. Pamoja na hilo Serikali iliondoa ushuru kwa mzigo usiofika tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine.

Tuweke hesabu mezani. Chukulia umenunua magunia 20 ya mahindi, kila gunia kilo 100, kwa bei ya shambani ya shilingi 60,000 kwa gunia. Mzigo wote una thamani ya shilingi 1,200,000. Kwa kiwango cha zamani cha asilimia 5 ungelipa shilingi 60,000, yaani gunia zima limekwenda. Kwa asilimia 2 unalipa shilingi 24,000. Tofauti ni shilingi 36,000. Mkusanyaji akikutajia kiwango cha juu, mwombe akuonyeshe hesabu yake hatua kwa hatua: bei gani ya shambani, asilimia ngapi, kilo ngapi. Bei inayotumika ni ile ya shambani. Bei ya soko la Dar es Salaam haihusiki hapa hata kidogo.

Sheria inamtaka mnunuzi ndiye alipe. Mkulima asijifariji mapema kwa hilo. Mnunuzi anayejua kwamba atatozwa mara tatu njiani anakata hasara hiyo kwenye bei anayokupa shambani kwako. Kila ushuru haramu unaotozwa barabarani unaishia kwenye debe la mkulima wa Mkoka au wa Mundemu ambaye hata gari hakupanda. Ndiyo maana kijitabu hiki kinamhusu yeye kama kinavyomhusu dereva wa fuso.

Tani moja na janga la lumbesa

Mzigo usiofika tani moja hautozwi ushuru wa mazao unapovuka mpaka wa halmashauri. Tani moja ni kilo 1,000. Magunia tisa ya kilo 100 ni kilo 900, kwa hiyo bado uko ndani ya msamaha. Mama anayepeleka magunia manne ya uwele Dodoma mjini hadaiwi. Kijana aliyepakia magunia saba ya alizeti kwenye kirikuu kwenda kukamua mafuta wilaya jirani hadaiwi.

Lakini sikiliza vizuri. Msamaha unahesabiwa kwa kilo, na watu wetu wanahesabu kwa magunia. Magunia manane ya lumbesa, kila moja likiwa limeshindiliwa na kuvikwa kilemba mpaka likafika kilo 130, yana jumla ya kilo 1,040. Umeshavuka tani. Umeupoteza msamaha wako mwenyewe, na juu yake umevunja Sheria ya Vipimo, ambayo haikubali gunia lizidi kilo 100. Mkulima aliyeuza lumbesa ameibiwa shambani kwa kutoa kilo 30 za bure, na mnunuzi anayeisafirisha anajitia kwenye mikono ya kila mwenye filimbi barabarani, kwa sababu mtu mwenye kosa hana ujasiri wa kudai haki yake. Acheni lumbesa. Pimeni kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, andikeni kilo, tembeeni na karatasi ya uzito.

Na wale wanaogawa mzigo wa tani tano kwenye kirikuu sita ili kila kimoja kionekane hakijafika tani, wajue tunawafahamu. Msamaha uliwekwa kwa ajili ya mwenye magunia machache. Anayeugeuza kuwa mlango wa kukwepea anawachongea wanyonge, maana kila hila ya namna hiyo inapogunduliwa, wakusanyaji huanza kuwashuku hata wenye magunia mawili.

Safari ya kutoka Kibaigwa hadi Singida

Chukua mfano wa lori lililopakia mahindi Soko la Kimataifa la Nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, likielekea Singida. Linapita Mbande, linaingia Chamwino, linapita Ihumwa na kuingia Jiji la Dodoma, linatokea Bahi, linapanda kwenda Manyoni, linapita Ikungi, linafika Manispaa ya Singida. Hizo ni halmashauri saba. Kila moja ina baraza lake la madiwani, bajeti yake, mahitaji yake ya madawati na zahanati. Kila moja ikijipa haki ya kutoza asilimia 2 kwa sababu tu gari limekanyaga ardhi yake, mzigo utakuwa umekatwa asilimia 14 ya bei ya shambani kabla ya kufika. Hakuna biashara ya nafaka inayobeba mzigo huo.

Ndiyo sababu ushuru wa mazao unalipwa mara moja, kwenye chanzo, kule mazao yalikozalishwa na kununuliwa. Ukishalipa huko, halmashauri zote zinazofuata zina kazi moja tu: kuitazama risiti yako na kukuruhusu upite. Hazina haki ya kutoza tena. Hazina haki ya kukutoza "nusu". Hazina haki ya kukuambia kwamba risiti ya Kongwa haitambuliki Bahi. Tanzania Bara ni eneo moja la biashara, na risiti halali ya halmashauri moja ni halali mbele ya halmashauri zote.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi, na wakusanyaji wasio waaminifu wanalitumia. Mahindi mengi ya Kibaigwa yanatoka Kiteto, mkoani Manyara. Ushuru wa mazao hayo ni wa Kiteto. Yakifika Kibaigwa, soko linaweza kutoza ada ya huduma: sehemu ya kushushia, ulinzi, mizani, usafi. Ada hiyo ni ya soko, ni kitu kingine, na lazima iandikwe hivyo kwenye risiti yake. Ukikuta risiti ya pili imeandikwa "ushuru wa mazao" kwa mahindi ambayo yana risiti ya Kiteto, umetozwa mara mbili. Soma neno lililoandikwa. Usiangalie kiasi peke yake.

Kwa nini halmashauri zikapewa mamlaka ya kutoza

Wapo wanaotuambia: futeni ushuru wote, magonjwa yaishe. Nchi hii imeshajaribu njia ya kuziondoa kabisa serikali za mitaa. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, mabaraza yalivunjwa na kazi zake zikachukuliwa na watendaji wa Serikali Kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Matokeo yake mijini huduma zilizorota kiasi kwamba mwaka 1978 ilibidi mamlaka za miji zirudishwe, na baada ya sheria za 1982, halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Leo Katiba, ibara ya 145 na 146, inazitambua kuwa ni chombo cha kupeleka madaraka kwa wananchi. Chombo kisicho na senti yake hakiwezi kufanya hivyo.

Upande wa pili nao tumeuonja. Halmashauri zilipoachiwa zitafute mapato popote, zilibuni tozo juu ya tozo. Wenye umri mkubwa wanaikumbuka kodi ya kichwa na watu waliokuwa wakikimbilia maporini wakimwona mgambo. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003 pamoja na msururu wa ushuru mdogo mdogo uliokuwa ukiwasumbua watu kuliko ulivyoingiza fedha. Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara unaofahamika kama MKUMBI, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, uliendeleza kazi hiyo kwa kufuta na kupunguza tozo nyingi nyingine. Tunasema kwa fahari kwamba mfanyabiashara wa mazao wa leo anabeba mzigo mwepesi kuliko aliyekuwepo miaka 20 iliyopita, na kazi hiyo ilifanywa na sheria, ikasimamiwa na watumishi wa umma walioamua kuitii.

Nchi yetu si shirikisho la majimbo. Ni Jamhuri ya Muungano yenye Serikali mbili, na halmashauri zetu hupata mamlaka ya kutoza kutoka kwenye sheria ya Bunge. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kodi yoyote isiyotokana na sheria. Diwani hawezi kuamka asubuhi akatangaza ushuru mpya. Sheria ndogo ya halmashauri lazima iidhinishwe na waziri mwenye dhamana na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Hata hivyo, ugonjwa wa kila ngazi kutaka kipande chake barabarani unafanana kila mahali penye serikali zaidi ya moja. Jirani zetu wa Kenya walipoanzisha kaunti 47 mwaka 2013, wafanyabiashara wa mboga, ndizi na mifugo walijikuta wakidaiwa ushuru kila wanapovuka mpaka wa kaunti, ingawa Katiba yao ya 2010, ibara ya 209, inazuia kaunti kutoza kwa namna inayoharibu biashara ya kuvuka mipaka yao. India, yenye majimbo makubwa kuliko nchi nyingi, ilihitaji kubadili katiba yake ili kuleta kodi moja ya bidhaa na huduma tarehe 1 Julai 2017, na vituo vya ukaguzi wa kodi vilivyokuwa vikizuia malori kwenye mipaka ya majimbo vikaondolewa. Katika nchi zote hizo maandishi yalikuwa mazuri. Kazi ilikuwa barabarani.

Risiti: soma kipande hiki mara mbili

Risiti halali ya ushuru hutoka kwenye mashine ya POS ya halmashauri, au malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali kupitia benki au simu. Hakuna njia ya tatu. Kitabu cha stakabadhi cha kuandika kwa mkono, kipande cha daftari, kikaratasi chenye mhuri, sahihi nyuma ya tiketi ya maegesho, maneno "pita tu, nitawapigia simu wa mbele": vyote hivyo si risiti. Ukilipa kwa njia hizo hujalipa ushuru. Umempa mtu fedha.

Mashine ikitoa karatasi, usiikunje papo hapo na kuitia mfukoni. Isome ukiwa bado umesimama mbele ya mkusanyaji. Tazama jina la halmashauri limeandikwa na ndiyo hiyo uliyopo. Tazama tarehe na saa: ikiwa ni saa nne asubuhi na risiti inasema jana jioni, umepewa risiti ya mtu mwingine. Tazama aina ya malipo, aina ya zao na kiasi cha mzigo. Magunia 50 yakiandikwa 15, mkusanyaji amekuhurumia leo ili geti la mbele likukamate, na ile fedha ya magunia 35 haitafika halmashauri. Tazama kiasi cha fedha kilingane na ulichotoa. Ukitoa 24,000 na karatasi ikasema 4,000, usiondoke. Tazama namba ya risiti. Ukiona imeandikwa kwamba ni nakala, uliza ya kwanza iko wapi, kwa sababu kuna mchezo wa kuchapisha risiti moja na kuwagawia madereva watatu.

Karatasi ya mashine hizi ina adui, naye ni jua. Inachapishwa kwa joto, kwa hiyo joto huifuta. Dereva anaitupia mbele ya kioo cha gari ili ikaguliwe kirahisi, analala Manyoni mchana mmoja, na akifika Singida ana kipande cheupe kisicho na herufi hata moja. Hapo anadaiwa upya, anakasirika, na kwa kweli hana cha kuonyesha. Ipige picha kwa simu dakika ileile unayopewa, mtumie picha mwenye mzigo, kisha karatasi yenyewe iweke katikati ya daftari, ndani ya boksi la gari, mbali na jua na mbali na mafuta. Picha haichukui nafasi ya risiti, lakini inahifadhi namba yake, na kwa namba hiyo halmashauri inaweza kuyatafuta malipo yako kwenye mfumo.

Utaambiwa mtandao umekata. Utaambiwa mashine haina chaji, karatasi imekwisha, mwenye mashine amekwenda kula. Jibu ni moja: nitasubiri. Tunajua kusubiri kunaumiza. Nyanya zinaoza, kuli anadai, tajiri anapiga simu. Mkusanyaji asiye mwaminifu anaijua kiu yako ya kuondoka kuliko unavyoijua mwenyewe, na ndiyo anayoiuza. Lakini mkusanyaji aliyekosa mashine hana mamlaka ya kuchukua fedha, na akiichukua bila risiti anatenda kosa. Mwambie hivyo, kwa heshima na bila kupaza sauti.

Wapo pia vishoka, watu wasio waajiriwa wala mawakala wa halmashauri, wanaosimamisha magari kwa kuvaa fulana inayong'aa. Mkusanyaji halali ana kitambulisho na barua ya kumtambulisha, na mtendaji wa kata au wa kijiji anamfahamu. Omba kitambulisho. Anayekasirika kuombwa kitambulisho ameshajitambulisha.

Tunarudia: hakuna risiti, hakuna malipo. Tunarudia tena: tunza risiti mpaka mwisho wa safari.

Mengine kwa ufupi

Mazao yanayouzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya ushirika, kama ufuta na mbaazi, hukatwa makato yake kwenye mauzo. Mnunuzi atembee na hati alizopewa ghalani. Mkaa, mbao na mazao mengine ya misitu yana sheria na vibali vyake, na msamaha wa tani moja usiutumie huko. Mifugo ina utaratibu wake. Mazao yanayovuka mpaka wa nchi yanahitaji vibali ambavyo kijitabu hiki hakivielezi. Kuhusu zao gani linahesabiwa la chakula na lipi la biashara, na viwango vinavyotumika mwaka huu wa fedha, muulize ofisa biashara au mweka hazina wa halmashauri yako kabla ya kupakia.

Fedha inayolipwa kwa risiti inakwenda wapi

Swali hili tunaulizwa kwa hasira, na ni haki kuulizwa. Shilingi iliyopita kwenye mashine inaingia kwenye mapato ya ndani ya halmashauri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: sehemu nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama wa Mpwapwa kikinyimwa mkopo kwa sababu fuko ni tupu, sehemu ya fedha yake huenda ilibaki mfukoni mwa mtu getini, ikitolewa na dereva aliyekuwa na haraka.

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameripoti zaidi ya mara moja makusanyo yaliyopita kwenye mashine za POS na hayakufika benki. Tunalitaja hili waziwazi kwa sababu kuficha hakuwezi kujenga imani. Lakini tazameni wizi huo uligunduliwaje: uligunduliwa kwa sababu mashine ilikuwa na kumbukumbu. Wakaguzi waliweza kulinganisha kilichokusanywa na kilichopelekwa benki, wakapata majina na kiasi. Fedha iliyotolewa bila risiti hakuna mkaguzi atakayeikuta, awe hodari kiasi gani.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya wanakijiji. Nendeni. Ulizeni geti lenu limekusanya kiasi gani msimu huu na kimefanya nini. Katika vijiji vingi mkutano huo haufikishi akidi, kisha watu wanalalamika kwenye vijiwe vya kahawa. Malalamiko ya kijiweni hayaingii kwenye muhtasari.

Neno kwa wakusanyaji na mawakala

Kijitabu hiki mtakiona mikononi mwa madereva. Msikichukulie kuwa ni uchokozi. Mkusanyaji anayetoa risiti sahihi na kumwachia mwenye risiti apite analinda ajira yake na heshima ya halmashauri yake, na wengi wenu mnafanya hivyo kwenye jua na mvua, mkitukanwa na watu wasiojua sheria. Tunawashukuru.

Ila anayemtoza mwananchi mara mbili, anayeandika magunia pungufu, anayekaa na fedha za umma siku tatu akizungushia biashara yake ya kuku, hatutamtetea. Shinikizo la kufikia lengo la makusanyo si kisingizio. Lengo la halmashauri linatakiwa kufikiwa kwa kukusanya ushuru halali wa mazao yaliyozalishwa ndani ya eneo lake. Halifikiwi kwa kuvizia malori ya wilaya nyingine. Wakurugenzi wanaowapangia wakusanyaji malengo yasiyotokana na takwimu za mavuno wajue kwamba wao ndio wanaowasukuma kwenye uvunjaji wa sheria. Eneo letu mvua ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na mwaka zikikatika Februari hakuna mahindi ya kutozwa ushuru, hata bajeti ikisema yapo.

Ukidaiwa isivyo halali

Simama kando ya barabara, usizuie magari. Onyesha risiti ya kwanza. Taja kwa sauti ya kawaida kwamba ushuru umeshalipwa kwenye chanzo, au kwamba mzigo haujafika tani. Akikataa, mwombe aandike jina lake, jina la geti na sababu ya kukuzuia. Wengi wakiombwa kuandika hufungua kizuizi. Usigombane, usitoe "ya soda", usikimbie geti. Anayekimbia geti anageuka mkosaji hata kama alikuwa na haki, na anayetoa ya soda amemlisha anayekuja kumuuma msimu ujao. Rushwa ni kosa kwa anayetoa na anayepokea, chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007.

Ukilazimishwa kulipa mara ya pili na huna namna, lipa, lakini dai risiti ya mara ya pili. Risiti mbili za ushuru wa zao lilelile, mzigo uleule, gari lilelile, ni ushahidi kamili, nasi tunazitaka sana. Zipeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri iliyokutoza mara ya pili, kwa maandishi, ukibaki na nakala. Ukipuuzwa, nenda ofisi ya mkuu wa wilaya. Kama uliombwa rushwa, piga simu TAKUKURU namba 113, haikatwi salio. Piga ukiwa bado hapo hapo getini, ukiwa na namba ya risiti mkononi, kabla gari halijawashwa.